Chombo gani cha kusafiria mbali kwenye Elite Dangerous? Maswali ninayoulizwa kila siku

Assalam alaykum ndugu zangu. Haya ni maswali nishaulizwa na vijana wa hapa Wete na wa Unguja pia, mengine usiku baada ya tarawehe, mengine kwenye simu mtu yuko kazini, na yote yanazunguka jambo moja tu: ninunue chombo gani cha angani humo gemuni niende mbali. Nayajibu kwa urefu mana kila nikijibu kwa ufupi mtu anakimbilia kununua Anaconda, chombo kikubwa cha bei kubwa, halafu wiki ya pili ananambia gemu limemchosha. Gemu halikumchosha, kachoshwa na chombo.

Kwanza hili gemu lenyewe ni lipi?

Elite Dangerous, la Frontier Developments ya Cambridge huko Uingereza, lilitoka Disemba 2014. Lina mzee wake, Elite la mwaka 1984, waliloliandika David Braben na Ian Bell. Kilichonishika mimi ni kwamba wameiweka galaksi yetu nzima humo ndani, Njia Nyeupe hii hii tunayoiona huku Pemba mwezi ukiwa haupo, kwa ukubwa wake wa kweli, mifumo ya nyota kama bilioni 400. Unapewa kichombo cha Sidewinder bure, halafu unaachwa. Unaweza kupigana, kufanya biashara, kuchimba madini, au kufanya ninayoifanya mimi: kwenda kule ambako hajafika mtu, kuzipima sayari, kurudi kuuza data, na jina lako linabaki pale kwenye ile sayari kama mtu wa kwanza kuigundua, na kila atakayepita baada yako analiona.

Sawa, nitajie chombo kimoja tu basi

Kama uko kwenye kompyuta na pesa unazo, Mandalay. Kama pesa huna, Diamondback Explorer. Lakini usiishie hapa, soma na yaliyobaki, mana chombo cha kugundua kinachaguliwa kwa kazi utakayokwenda kuifanya ukishafika, siyo kwa kufika tu. Mvuvi wa pweza na mtu wa kuchukua magunia ya karafuu hawachukui chombo kimoja.

Ile namba ya mruko ina uzito gani? Kila mtu anaitaja hiyo tu

Ina uzito, sikatai. Ni umbali ambao chombo kinaweza kuruka mara moja kutoka nyota moja hadi nyengine, unahesabiwa kwa miaka ya nuru. Tuchukue mfano wa Sagittarius A*, lile shimo jeusi la katikati ya galaksi, kutoka kwenye jua letu ni kama miaka ya nuru 25,900. Chombo cha mruko wa 30 kitataka miruko 860 na ushei. Cha mruko wa 50 kitataka kama 520. Cha 65 kitataka kama 400. Ukikadiria dakika moja kwa mruko, pamoja na kuchota mafuta kwenye nyota, basi tofauti ya 30 na 50 ni karibu masaa sita ya kukaa kwenye kiti. Hiyo ni tofauti kubwa sana wala sitomdanganya mtu.

Lakini tofauti ya 65 na 70? Miruko 30 kwa safari ya wiki nzima. Watu wanavua ngao, wanaacha gari la kutembelea kwenye sayari, wanafunga kila kitu kidogo kidogo, kwa ajili ya hiyo miruko 30. Mimi nshafanya hivyo na nililipa, nitakusimulia huko chini.

Na galaksi siyo kila mahali imejaa. Katikati nyota zimebanana kama watu wa sokoni siku ya mkesha wa Idi, chombo cha 30 kinapita bila tabu. Ukingoni ndiko nyota zinakuwa mbali mbali, huko ndiko utajua namba ya mruko ina kazi gani, mana ukikosa nyota ya kurukia ndo mwisho wa njia. Kwa mtu anayekwenda Beagle Point, zaidi ya miaka ya nuru 65,000 kutoka nyumbani, ng'ambo kabisa ya galaksi, hapo ndio nasema namba ni muhimu.

Mimi ndo naanza, sina pesa. Ninunue nini?

Diamondback Explorer, watu wanaiita DBX. Kredi (pesa za humo gemuni) milioni 1.9 hivi, inatua kwenye pedi ndogo, na Lakon, kiwanda cha humo gemuni kilichoitengeneza, wameipa injini ya mruko ya saizi 5 ndani ya mwili mdogo, ndo mana inaruka mbali kupita vyombo vingi vya bei kubwa. Halafu ni baridi. Hili watu hawalisemi vya kutosha. Ukikaa karibu na nyota unachota mafuta, chombo kinapata moto, na DBX moto wake hupanda taratibu, unaweza kuanza kuchaji mruko wa pili huku bado unachota na king'ora hakilii.

Tabu yake ni moja. Siyo tangi, hilo ni tani 32 na mruko mkubwa unakula kama tani 5, kwa iyo una miruko sita kabla hujatafuta nyota ya kuchota. Ni skupu yake, mashine ya kuchotea mafuta kwenye nyota, haizidi saizi 4, na iliyo bora ya saizi hiyo inachota kilo 342 kwa sekunde wakati ya saizi 6 inachota kilo 878. Maana yake tani 5 DBX inazijaza kwa sekunde kama 15 ukiwa umekaa pazuri, mwenzako mwenye Asp anazijaza kwa sekunde 6. Kwa mruko mmoja si kitu, kwa miruko 500 utasikia.

Mimi DBX naifananisha na ngalawa. Maji yakipwa jahazi linabaki nje linasubiri, ngalawa inapita juu ya matumbawe mpaka ufukweni. DBX inatua palipo na mawe na mabonde ambapo chombo kikubwa kitazunguka robo saa kinaambiwa ardhi haifai.

Kama hata milioni 1.9 huna, kuna Hauler, elfu 50 na kitu, kidogo na hakina raha lakini kinaruka vizuri. Kuna na Dolphin ya milioni 1.3, imetengenezwa kwa kubeba watalii, nayo ni baridi sana na nzuri kuitazama, dada mmoja wa Mkoani anaitumia hiyo mwaka wa pili sasa hataki kusikia kitu chengine.

Asp Explorer bado inafaa? Naambiwa imezeeka

Inafaa. Milioni 6.6, pedi ya kati, tangi tani 32, skupu ya saizi 6. Kwa miaka mingi ukisema mgunduzi watu walimuona na Asp. Sababu kubwa ni kioo. Kioo cha Asp kimeshuka mpaka chini ya miguu yako, na ukitua kwenye mwezi mdogo unaiona ardhi inakuja kutoka chini ya viatu. Nakumbuka nilitua usiku mmoja kwenye kimwezi cha barafu kilichokuwa kinazunguka sayari ya gesi yenye pete, nikazima taa za chombo, ile sayari ikawa inachomoza polepole kwenye ukingo wa barafu, kwanza pete peke yake kama uzi wa fedha, halafu rangi ya machungwa ikaanza kujaa kwenye kioo kutoka chini kwenda juu, na mie nimekaa tu, chai imepoa mezani. Chombo chenye kioo kidogo kingenionyesha nusu ya hayo. Mtu unasafiri wiki tatu kwenda kutazama, sasa ukitazama kwenye tundu faida yake nini.

Ubaya wake, inapiga kelele (mlio wa injini zake wengine wanaupenda, mimi nimeuzoea) na inapata moto haraka kuliko DBX.

Krait Phantom na Mandalay zina tofauti gani?

Phantom ilitoka mwisho wa 2018, bei milioni 37 hivi, pedi ya kati, nafasi nyingi za kufungia vitu. Inageuka vizuri, inakimbia, inabeba skupu kubwa na gari na mashine za kujirekebisha bila kulia uzito. Mtu akitaka chombo kimoja cha kugundulia na kufanyia mambo mengine, Phantom haitomuangusha.

Mandalay ilikuja mwishoni mwa 2024, ya kiwanda cha Zorgon Peterson, nayo pedi ya kati, na hii imetengenezwa khasa kwa kugundua. Ukiifunga vizuri inashindana na Anaconda kwa mruko na huku inageuka kama chombo kidogo. Lakini kilichonivuta mimi ni injini mpya ya SCO. Hii SCO inakuwezesha kusukuma kasi ndani ya mfumo, mfano umefika kwenye nyota na sayari unayoitaka iko mbali huko kwenye nyota ya pili. Zamani ulikuwa unakaa nusu saa unaitazama tu inakuja. Kuna kituo kinaitwa Hutton Orbital huko Alpha Centauri, kiko miaka ya nuru 0.22 kutoka kwenye nyota unayofikia, zamani kukifikia ilikuwa zaidi ya saa nzima, mtu anaswali, anakula, anarudi bado hajafika. SCO imefupisha hayo. Unaweza kuifunga hata kwenye Asp ya zamani lakini itatetemeka, itakuwa moto na itafyonza mafuta, ila Mandalay imeundwa kuichukua, inatulia.

Kwani Anaconda ina ubaya gani? Si ndo inaruka mbali kuliko zote?

Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo, na hata leo ukiivua kila kitu na kuipeleka kwa mainjinia (mafundi wa humo gemuni, nitawataja huko chini) inapita miaka ya nuru 80. Nafasi zake ni nyingi, unafunga gari, mashine za kurekebisha mbili, na bado kuna pa kuweka mizigo. Mtu anayekwenda ukingoni mwa galaksi miezi mitatu haonani na kituo, simkatazi.

Lakini ni milioni 147 kabla hujafunga kitu, na kikivunjika bima ni asilimia 5 ya thamani ya chombo, basi hesabu mwenyewe. Inageuka kama meli ya mizigo. Inataka pedi kubwa, na kwenye sayari inataka kiwanja kitupu cha kutosha, kwa iyo yale mabonde mazuri unayaona kutoka juu unapita. Na mruko wake mkubwa unaupata ukishaichuna mpaka ikawa mifupa. Mdogo wangu, kama hujawahi kutoka nje ya miaka ya nuru elfu moja, usianze na Anaconda. Ukumbuke pia msafara mkubwa wa Distant Worlds 2, ulioanza Januari 2019 na watu zaidi ya 13,000 wakajiandikisha kwenda Beagle Point, haukuwa wa Anaconda peke yake, watu walikwenda na kila aina ya chombo.

Nyota zipi zina mafuta? Mimi kila siku nakwama

Hili ndilo swali namba moja kwa usalama wako, kuliko hata chombo. Skupu inachota kwenye nyota za aina saba tu: O, B, A, F, G, K na M. Wazungu wana maneno yao ya kukumbukia, sisi hapa tumetunga ya kwetu na watoto wa maskani wote wanayajua: Omari, Bakari, Ali, Faki, Gora, Kombo, Makame. Nyota ambayo haimo kwenye hayo majina, usiitegemee. Nyota za L, T na Y ni baridi hazina kitu, vibete vyeupe havina, za nyutroni hazina. Kwenye ramani ya galaksi kuna kichujio, weka hizo saba tu kisha panga njia yako, na tangi likifika nusu ukimkuta Makame mchote hata kama huna haraka.

Na skupu nunua kubwa na bora kwa kadri ya pesa zako. Haina uzito hata kidogo, kwa iyo haikupunguzii mruko. Watu wanatumia pesa zote kwenye chombo wanabakiwa na skupu mbovu, halafu kila nyota wanakaa dakika.

Nifunge nini na niache nini?

Kanuni ya uzito ni moja, moduli (vile vipande unavyovifunga kwenye chombo) za daraja D ndizo nyepesi, kwa iyo injini za kusukuma, mashine ya hewa na sensa zote weka D. Injini ya mruko weka A kila wakati. Kinu cha umeme weka A lakini kidogo, mana daraja A ndilo linalokaa na joto vizuri. Skana ya kupimia uso wa sayari haina uzito, beba. Mashine ya kurekebishia chombo, AFMU, nayo haina uzito, na kama nafasi zipo beba mbili, mana haiwezi kujirekebisha yenyewe, ya pili ndiyo inaitengeneza ya kwanza. Silaha usibebe, huko unakokwenda hakuna mtu.

Sasa ngao. Hapa naomba mnisikilize.

Nilikuwa na Asp, wiki tatu niko nje, mifumo mamia, sayari tatu zinazofanana na dunia yetu na zote mie wa kwanza. Ngao niliivua kabla ya kuondoka ili nipate mruko zaidi, na nilichopata hakifiki hata mwaka mmoja wa nuru. Siku hiyo nilikuta sayari ya mawe mekundu, mvutano wake zaidi ya mara 4 ya dunia, nikasema nitue nipige picha niondoke. Nikashuka kama ninavyoshuka siku zote. Mita 400 kutoka chini nikaona namba za urefu zinakimbia, nikavuta juu, zile injini za D zikawa hazina nguvu ya kukinyanyua chombo kwenye uzito ule, nikawa nasukuma kitufe mpaka kidole kinauma na ardhi inakuja tu. Kioo kizuri cha Asp kikanionyesha kila jiwe. Halafu skrini ikawa nyeupe. Nilirudi kwenye kituo na chombo kipya kwa asilimia 5 ya bei, pesa hazikuniuma, lakini data zote za wiki tatu zilipotea mana data ambayo hujaiuza inakufa na chombo. Zile sayari tatu majina yake sikuyaandika popote. Nilizima kompyuta nikatoka nje kukaa barazani na sikucheza tena mpaka Mfungo Mosi.

Ngao ndogo ya D ingelinichukulia uzito wa tani chache. Beba ngao. Na kwenye sayari yoyote kabla hujashuka tazama mvutano wake, ukizidi 2 shuka kama unamlaza mtoto.

Nyota za nyutroni zinasaidiaje?

Ukipita kwenye ule mkia wa nyota ya nyutroni, injini ya mruko inachajiwa na mruko wako unaofuata unakuwa mara nne. Chombo cha 60 kinaruka 240. Kibete cheupe kinakupa mara moja na nusu tu na mkia wake ni mfupi na khatari, mimi nishaviacha. Kila ukichaji injini inaharibika asilimia 1, ndo mana nikasema AFMU. Ingia mkiani mbali na nyota, kwenye ncha kule, acha chombo kitikisike usipigane nacho, ukisikia imechajiwa toka.

Njia ya nyutroni inayotumika sana ni ya kwenda Colonia, miaka ya nuru kama 22,000. Colonia yenyewe ina kisa kizuri: mwaka 2016 kituo cha Jaques kilijaribu kuruka kwenda Beagle Point, kikapotea njiani, wachezaji wakakitafuta mpaka wakakikuta kimekwama, na watu wakaanza kuhamia pale mpaka pakawa mji. Ukifika pale unauza data, unarekebisha chombo, unalala.

Wanaosema mruko wa 60 na 70 wanaupata wapi? Mimi dukani naona 30

Kwa mainjinia. Wa kwanza kumtafuta ni Felicity Farseer, yuko mfumo wa Deciat, anaipandisha injini ya mruko mpaka daraja la 5. Anataka uwe na cheo cha ugunduzi cha Scout na umletee kipande kimoja cha meta-alloy, bidhaa ya humo gemuni. Na meta-alloy unaipata Maia.

Hii Maia nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka. Maia ni nyota mojawapo ya Kilimia! Kilimia hiki hiki cha wazee wetu, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, babu alikuwa anatuonyesha kwa kidole anasema huyo ndiye mwenye kutwambia lini kulima. Na mimi naambiwa niende huko na chombo nikanunue dawa ya injini. Nilimuita bi mkubwa aje atazame skrini. Alikaa kimya muda, halafu akaniuliza kwa nini viko vingi hivi, sisi tulikuwa tunahesabu sita.

Deciat ingia kwa Solo (peke yako), siyo Open (pamoja na wachezaji wote), mana pale kuna watu wanasubiri wageni kuwapiga.

Baada ya Farseer kuna busta ya Guardian, viumbe wa kale wa humo gemuni, unakwenda kuitafuta kwenye magofu yao, ile ya saizi 5 inakuongezea miaka ya nuru 10.5 hivi hivi. Kazi ya jioni moja au mbili, na chombo chochote ulichonacho kinabadilika. Mimi naona DBX iliyopita kwa Farseer na yenye busta ni bora kuliko Anaconda ya dukani mara kumi.

Kugundua kunalipa kweli?

Zamani kulikuwa kunalipa kidogo. Tangu Odyssey, ile nyongeza ya gemu, ilipotoka Mei 2021 unaweza kushuka kwa miguu na kuchukua sampuli za mimea na vijidudu, na hapo ndo pesa ilipo. Mfano Stratum Tectonicas, inakaa kwenye sayari zenye madini mengi ya chuma, sampuli tatu kila moja mita 500 kutoka nyengine, ni kredi milioni 19. Na kama wewe ndo wa kwanza kuikanyaga sayari hiyo inakuwa mara tano, milioni 95. Sayari mbili tu za hivyo na Anaconda umeipata, ukiitaka. Kwa kazi hii chombo kinachotua popote ndicho chenye thamani, ndo unaona narudi kwenye DBX na Mandalay.

Meli mama je, ile fleet carrier?

Bilioni 5, inaruka miaka ya nuru 500 kwa mara moja. Ni bandari yako mwenyewe. Ukiwa na wenzako kumi mnasafiri pamoja ni raha. Peke yako, subiri.

Umeme ukikatika au bando likiisha niko katikati ya galaksi?

Hakuna kinachopotea. Gemu linahitaji intaneti muda wote hata ukicheza Solo, lakini safari inahifadhiwa kwao, siyo kwenye mashine yako. Mimi nishakatikiwa mara nyingi katikati ya mruko, nikirudi nakikuta chombo kipo. Tahadhari ni moja tu, ukiwa unashuka kwenye sayari na mawingu yamefunga na unajua huku kwetu masika ikoje, ahirisha. Bando kwenye kucheza siyo kubwa, kinachokula ni kulishusha gemu lenyewe na apdeti zake, hayo nenda kafanye penye waifai.

Nina PS4, Mandalay nitaipata?

Hapana, samahani. Machi 2022 walitangaza kusimamisha kazi kwa upande wa PS4 na Xbox, kwa iyo huna Odyssey, huna SCO, huna Mandalay. Unazo DBX, Asp, Phantom, Anaconda na Dolphin, na nyota za kwenda kuzitazama ni zile zile. Kwa PS4 nunua Phantom.

Nimeishiwa mafuta na skupu sikufunga, nifanye nini?

Usisukume chombo tena hata kidogo. Kama umeona saa ya hewa imeanza kuhesabu kurudi nyuma toka hapo hapo urudi kwenye menyu kuu, saa hiyo inasimama ukiwa nje ya gemu. Halafu watafute Fuel Rats, ni wachezaji wa kujitolea, wapo tangu 2015, wanakuja na mafuta popote ulipo na hawataki malipo. Watakuuliza mfumo gani na kama saa ya hewa inahesabu, jibu hayo tu, usirudi kwenye gemu mpaka wakwambie. Kijana mmoja wa Chake alikwama mbali sana, akaona aibu kuwaita, akajilipua akapoteza data za mwezi. Nimemwambia na nakwambia na wewe: waite.

Wewe sasa hivi unatumia nini?

Mandalay, skupu kubwa, AFMU mbili, gari dogo, na ngao. DBX yangu ya kwanza nimeiacha Colonia, siiuzi. Hivi leo niko ng'ambo ya Sagittarius A*, nina data za siku kumi na moja, narudi taratibu.